Kaskazi Imepika, Tule

Msikilizaji, jana usiku uligeuza mto mara ngapi? Mimi nilihesabu hadi mara ya sita, kisha usingizi, au tuseme uchovu, ukaniharibia hesabu. Unajua ninachokisema. Upande mmoja ukishakuwa kama kikaango unaugeuza mto, unapata ubaridi wa dakika mbili, unasinzia kidogo, halafu shingo inalowa tena. Feni inazunguka, lakini inazungusha moto uleule. Saa tisa usiku unafungua mlango wa uani na kumkuta jirani naye yuko kwake uani, amejifunga kikoi, anazitazama nyota kana kwamba ndizo zilizomkosea.

"Joto, jirani."

"Joto kweli, jirani."

Mazungumzo yote ya Dar es Salaam ya mwezi wa Januari yanaenea ndani ya maneno hayo matano.

Basi leo nimekuja kulitetea joto. Usizime redio kwanza. Nimekuja na mashahidi: hapa mbele yangu, juu ya meza ya studio, pana maembe mawili kwenye sahani, moja dodo lililoiva na jingine bichi, gumu kama jiwe la kusagia. Pembeni pana kisu nilichokichukua nyumbani. Fundi mitambo, ambaye namwona ng'ambo ya kioo, ameshanionyesha mashine zake kwa kidole na kutikisa kichwa. Nimemwahidi kwamba sitakata kitu mpaka kipindi kiishe. Harufu, lakini, sina namna ya kuizuia, na sasa hivi naona amesogeza kiti chake karibu na mlango.

Picha za kiangazi tunazoletewa kutoka Ulaya ni za Julai: watu wamejilaza ufukweni, wana bakuli la stroberi. Julai kwetu ni kipupwe, na mtoto anakwenda shule na sweta. Kiangazi cha mwambao wetu ndicho hiki, kaskazi, tangu Desemba mpaka Machi, kipande cha mwaka kilichokaa katikati ya vuli na masika. Wengi wanakihesabu kuwa adhabu ya kuvumiliwa baina ya mvua mbili. Mimi naona ni jiko, na mwenye jiko hawezi kuulizwa kwa nini nyumba ina moto.

Tuuangalie mwembe. Mti huu hutoa maua wakati wa kipupwe, usiku una ubaridi na ardhi imeanza kukauka. Ubaridi ule na ukavu ule ndivyo vinavyoufanya uache kuotesha majani mapya na ushughulike na maua. Mvua isiyo na adabu ikiingia katikati, ukungu hushika, maua yanakuwa meusi na kupukutika, na mwaka huo utanunua embe kwa bei ya mayai. Yale yanayosalimika huchukua miezi mitatu hadi mitano kukomaa, kutegemea aina. Halafu kuna jambo ambalo wenye miembe wanalijua vizuri: mti uliozaa sana mwaka huu, mwakani unaweza kupumzika kabisa ukakutazama tu. Usimsingizie mtu uchawi kwa hilo. Mti umechoka. Ifikapo Januari, wanga uliokuwa umejaa ndani ya tunda unageuka sukari, na hapo ndipo tunapolala nje kwa joto na kuamka asubuhi tukasikia maembe yakidondoka juu ya bati. Ni jua lilelile.

Na kulila hili embe si jambo la juzi. Asili ya mwembe ni Bara Hindi na nchi zinazopakana nalo, na kaskazi hii inayotutoa jasho ndiyo iliyokuwa ikisukuma majahazi kutoka huko na Uarabuni kuja mwambao huu, mpaka kusi ije iyarudishe. Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, Moroko, alipita pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1331. Alipofika Mogadishu aliandaliwa wali wa samli, na pembeni vitoweleo: ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, ndimu za kusindika, pilipili, tangawizi mbichi, na maembe. Akaona bora awaeleze watu wa kwao ambao hawakuwahi kuliona, kwamba embe linafanana na tofaa ila lina kokwa. Likiiva ni tamu sana, kabla ya kuiva ni kali kama ndimu, na wenyeji hulitia kwenye siki. Msikilizaji, mgeni yule alikuwa anakueleza achari. Aliikuta mezani! Pilipili yenyewe pengine ilikuwa pilipili manga, maana hizi kali tunazolia nazo leo wakati ule zilikuwa bado kwao Amerika. Alipofika Mombasa akapewa tunda dogo mfano wa zeituni, lenye kokwa, tamu, na jina aliloliandika ni la Kihindi, jina la zambarau. Kwa hiyo ukimwona mtoto wa Mombasa ametoa ulimi wa rangi ya wino, usimgombeze sana. Anaendeleza mila ya karibu miaka 700.

Sasa twende sokoni, kwa sababu nusu ya mapishi ya tunda ni kuchagua. Juzi nilikuwa Buguruni, nimeinamia fungu la maembe, naliminya hili, naliminya lile. Mwenye meza, dada mmoja aliyejitanda kanga begani, alinitazama kwa muda kisha akasema, "Kaka, unapima presha au unanunua?"

Nikamwambia, "Samahani dada. Nataka embe la kula leo."

"Leo saa ngapi?"

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Alitaka kujua kama ni la mchana au la jioni, kwa sababu kwake hayo ni maembe mawili tofauti. Nilipomwambia saa kumi, hakuminya hata moja. Aliyanusa matatu, pale kikonyo kilipokatikia, akanipa la tatu. "Ukilila saa nane utaniona mwongo," akasema. Nililila saa kumi na robo. Yule dada si mwongo.

Pua, basi, ndiyo mizani. Rangi inadanganya: dodo linaweza kuwa la kijani mgongoni huku ndani ni asali, na lipo embe la njano tupu, linang'aa, ambalo ukilikata ni kavu na chachu kwa sababu limeivishwa kwa kabaidi ili liwahi soko. Tazama pia mabega ya tunda, pale karibu na kikonyo. Yakiwa yamejaa na kuinuka, embe limekomaa mtini. Yakiwa yameteremka kama mabega ya mtu aliyefiwa, limechumwa changa, na hata ukilivumbika mwezi mzima litanyauka tu. Na ukitaka kuvumbika lililokomaa, fanya kama zamani: litie ndani ya pipa la mchele, au lifunike kwa majani makavu pamoja na ndizi mbivu. Tunda lenyewe linatoa hewa inayoliivisha, na hewa ile ikifungiwa inafanya kazi upesi. Jokofu acha. Embe bichi likitiwa kwenye jokofu linaduwaa, haliivi wala halibaki bichi, linakuwa kitu cha katikati kisicho na jina.

Nimesema kaskazi ni jiko, nikaahidi kutetea. Ushahidi wangu mkubwa ni achari, kwa sababu achari ya kweli haipikwi kwenye moto. Inapikwa juani.

Bibi yangu mzaa mama alikaa Tanga, na mwezi huu paa la banda lake la uani lilikuwa halionekani kwa nyungo. Alichukua maembe mabichi 10 ya nyuzi, magumu, akayaosha na kuyakausha kwa kitambaa moja baada ya jingine. Hakumenya. Aliyakata vipande virefu na ganda lake, akavinyunyizia chumvi nusu kikombe na manjano kijiko kimoja, akavifunika usiku kucha kwenye bakuli la udongo. Asubuhi yale maji ya chumvi anayamwaga, vipande anavipanga kwenye ungo, visigusane, na ungo unapanda juu ya banda. Siku mbili. Ya tatu kama kuna mawingu. Kabla ya magharibi ungo unashuka, maana umande ukivigusa ndiyo basi. Vikiwa tayari, kingo zinajikunja, na ukikikunja kipande hakivunjiki.

Mafuta ya kula kikombe kimoja yanachemshwa na kuachwa yapoe kidogo, usije ukaunguza viungo. Humo zinaingia punje za haradali vijiko viwili, uwatu nusu kijiko cha chai (ukizidisha unakuwa uchungu), kitunguu thomu kichwa kizima kilichotwangwa, na pilipili ya unga kwa kadiri ya uadui ulio nao na wageni. Kisha siki kikombe, kisha vipande. Bibi alitia na sukari vijiko viwili, na jirani yake aliiona sukari ile ni uhuni. Waligombana juu ya jambo hilo kwa miaka mingi, kwa upendo. Chupa ni ya kioo, imechemshwa, imekaushwa juani mdomo chini. Ukishajaza, mafuta lazima yafunike vipande. Unaiweka dirishani wiki nzima, kila siku unaitikisa, na jua linamalizia kazi.

Sheria ni moja: kijiko kilichoshika maji kisiingie. Nilikuwa na umri wa miaka tisa nilipoingiza kijiko nilichotoka kukisuuza, nikarudisha chupa kabatini kama mtu mwema. Baada ya siku nne ukungu mweupe ulikuwa umetanda juu kama shuka. Bibi hakuuliza ni nani. Aliita wajukuu wote, akatupanga, akatutazama mikono. Mpaka leo sijui aliona nini kwenye mkono wangu.

Wale wasio na subira ya wiki wana mchuzi. Samaki, awe changu au kolekole, mkaange kidogo tu. Kwenye sufuria tia tui la pili, lile jepesi, na kitunguu, bizari, pilipili mbichi isiyopasuliwa, na vipande vya embe bichi lililomenywa. Embe likilainika, mrudishe samaki, kisha mimina tui zito na ulikoroge polepole mpaka litokote mara moja. Ukiliacha lichemke ovyo litakatika. Ukali wa embe unafanya kazi ya ndimu, ila una mwili. Wali mweupe. Hapo sina la kuongeza.

Fenesi ndilo tunda ninalolipenda zaidi kwa sababu haliwezi kuliwa na mtu mmoja. Jaribu. Lina uzito wa mtoto anayetembea, na ukilipasua peke yako ndani ya nyumba, ule ulimbo utashika kisu, meza, mikono, mpaka kitasa cha mlango. Fenesi linataka uani, magazeti ya zamani, watu wasiopungua watano, na kikombe cha mafuta ya kupikia. Kabla ya kisu kugusa ganda, kipake mafuta, na kila mtu apake mikono. Ulimbo hauogopi maji wala sabuni, ila kwenye mafuta unateleza. Mmoja anapasua, wawili wanatoa kokwa, mtoto anakusanya, na daima yupo shemeji mmoja anayesimama pembeni akitoa maelekezo huku akila. Kokwa msitupe. Zichemsheni kwa chumvi dakika 30, mmenye lile ganda jembamba, nazo ni tamu kama viazi. Za kuchoma kwenye majivu ni bora zaidi, lakini zitobolewe kwanza, maana zinaruka kama risasi.

Doriani nitalipita mbio. Watu wa Unguja wanalipenda, mimi pia nalipenda, na najua kuna familia zilizogawanyika. Kule Singapore ni marufuku kuliingiza kwenye treni za mjini, na kwa heshima ya abiria wenzangu nakubaliana nao. Lileni nje. Shokishoki, kwa upande wake, halitaki mapishi wala maelezo. Ukucha wa kidole gumba unatosha.

Juisi sasa. Hapa nina dukuduku. Siku hizi ukiagiza juisi ya embe mahali pengi unaletewa maji ya njano yenye sukari ya kupandisha mtu wazimu. Dodo lililoiva halidai sukari. Linadai maji ya baridi kidogo, ndimu nusu ya kuliamsha, na kama una pasheni mbili zilizonyauka, zipitishe kwenye chujio zikaungane nalo. Basi. Ukwaju ndio unaotaka sukari, na hiliki. Uloweke kwenye maji ya uvuguvugu, uuvuruge kwa mkono, mashine ya kusagia usiilete karibu, itavunja kokwa na kutia uchungu. Unguja wana bungo, tunda lenye ganda gumu, ndani rangi ya machungwa, ukali wake unakufumba jicho moja, na juisi yake baridi saa nane ya mchana wa Januari inamrudisha mtu kwenye fahamu zake. Kinachobaki kwenye jagi kigandishe vikombe vidogo vidogo, kesho watoto wapate barafu.

Lakini vyote hivi nakuomba usivile ndani. Embe likiliwa kwa uma, juu ya kochi, chini ya kiyoyozi, linakuwa tunda la kawaida. Embe la nyuzi ni la kufyonza: unalibinyabinya polepole pande zote mpaka ndani liwe maji, unang'ata tundu dogo kichwani, unafyonza umeinama mbele ili shati lipone. Huwezi kufanya hivyo sebuleni ukabaki na heshima.

Na nje ndiko kuliko na nafuu. Nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari, hewa ya nchi kavu inapanda, na ile ya baharini, yenye ubaridi, inaingia kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana jioni pwani kunavuma huku chumbani kwako hakuna hata pazia linalotikisika. Ukuta ulioota jua kutwa unaanza kukurudishia ule moto hasa usiku. Anayejifungia ndani saa kumi na moja jioni analalamika akiwa ndani ya tanuri kwa hiari yake. Wenzake wako Coco Beach na sahani ya mihogo ya kukaanga, kachumbari na pilipili, miguu mchangani. Mombasa wako Mama Ngina, wana kachri, wana embe bichi lililochanjwa na kupakwa chumvi na pilipili. Forodhani, Unguja, vijana wanapiga makachu: anakuja mbio, anaruka kutoka ukutani, anajikunja hewani mara mbili, anaingia baharini, na kabla maji hayajatulia mwingine ameshapaa. Wazee wanakaa pale wanawapa alama kama majaji. Nendeni, lakini ulizieni maji. Bamvua likijaa pale pana kina. Maji yakitoka, ni mawe.

Muuza madafu naye yuko hapohapo na baiskeli yake. Ukifika kwake sema unataka nini, kwa sababu mnazi una lugha yake. Kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi: hizo ni hatua tano, na kati ya dafu na koroma ndipo watu wanapokosania. Dafu la maji lina maji matamu, na nyama yake ni utando tu. Dafu la nyama limesogea mbele kidogo, unakunywa, kisha analipasua na kukukatia kijiko cha ganda ukombe. Koroma maji yake yameanza kuchacha kidogo, na mwenye kukuuzia koroma kwa jina la dafu anajua alichokifanya.

Nimesema wengi hawana uani siku hizi, sivyo? Sikusema, lakini nilitaka kusema. Mtaani kwetu palikuwa na miembe minne. Mitatu imekatwa ili pawe na pa kuegeshea magari, na kila nyumba iliyokata imefunga kiyoyozi. Chini ya mwembe mmoja uliobaki wanacheza bao tangu adhuhuri, wapo watu 10, wapo 15, na wenye viyoyozi nao huwa nawaona wakija, umeme ukikatika.

Fundi ananionyesha vidole viwili. Dakika mbili. Kwa hiyo sikiliza jinsi ninavyokata, ingawa nilimwahidi. Dodo unalisimamisha kwa kikonyo juu, kisu kinashuka kando ya kokwa, shavu moja. Unaligeuza. Shavu la pili. Kokwa ni haki ya mwenye kisu, hilo halina mjadala nyumbani kwetu. Maji yamefika ukingoni mwa sahani, hayajagusa mashine, shuhudia. La pili, hili bichi, nalimenya nusu na kulichanja vipande vyembamba.

Mlango umefunguliwa. Ni fundi. Mkononi ameshika kikaratasi kilichokunjwa, anakikunjua polepole kisitoe mlio kwenye maikrofoni. Ni chumvi na pilipili.